Virusi Vilivyorudisha Kinga Vikawasha Lukemia: Kisa cha Necker

Mwaka 2002, mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa akifuatiliwa na madaktari wa hospitali ya Necker-Enfants Malades mjini Paris aliugua tetekuwanga, akapona. Kwa mtoto mwingine hiyo isingekuwa habari. Huyu alizaliwa bila hata moja ya seli T, seli za damu za kinga, ya kumtetea, na tetekuwanga ingeweza kumuua. Alipona kwa kuwa alipokuwa na umri wa mwezi mmoja, seli zake za uboho zilitolewa, zikawekewa jeni aliyoikosa, kisha akarudishiwa. Mwaka huohuo hesabu ya limfosaiti zake, seli nyeupe za kinga, ilianza kupanda, na haikushuka. Walipochunguza, karibu seli zote zilizoongezeka zilikuwa nakala za seli moja tu. Miezi 30 baada ya tiba iliyomwokoa, mtoto alikuwa na lukemia.

Kisa hiki husimuliwa sana kama ajali: tiba nzuri iliyoharibiwa na bahati mbaya. Sikubaliani. Kilichowaponya watoto wa jaribio lile la tiba ya jeni na kilichowaletea saratani ya damu ni kitu kilekile, kikifanya kazi ileile. Kulianza jaribio hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa katika jinsi hatari ilivyohesabiwa kabla, na kosa hilo lilikuwa la uwanja mzima wa tiba ya jeni wala si la timu moja ya Paris.

Ugonjwa

SCID ni upungufu mkali wa kinga wa kuzaliwa. Una aina nyingi. Ile ya watoto wa Necker, iitwayo SCID-X1, hutokana na hitilafu katika jeni ya IL2RG iliyoko kwenye kromosomu X, ndiyo maana huwapata wavulana. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa juu ya seli na kushirikiwa na vipokezi vya interlukini sita: ya 2, 4, 7, 9, 15 na 21. Interlukini ni ujumbe ambao seli za damu hutumiana. Asiyeweza kupokea ujumbe wa 7 hapati seli T, na asiyepokea wa 15 hapati seli NK, zinazoua seli zilizoambukizwa. Seli B huwapo lakini hazina wa kuzielekeza, kwa hiyo hazitoi kingamwili za maana. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha ndani ya miezi michache huanza kuharisha, kukohoa na kukonda. Bila tiba, wengi hawamalizi mwaka wa pili.

Tiba iliyokuwapo tangu 1968 ni kupandikizwa uboho. Akipatikana ndugu anayelingana kabisa kitishu, matokeo huwa mazuri sana. Asipopatikana, hutumika uboho wa mzazi unaolingana nusu, na hapo mambo hutegemea mengi. Takwimu za vituo vya Amerika Kaskazini kwa watoto waliopandikizwa kati ya 2000 na 2009 zinaonyesha jambo hilo waziwazi: waliopandikizwa kabla ya umri wa miezi mitatu na nusu, 94 kati ya 100 waliishi, waliofikishwa wakiwa wakubwa zaidi na wakiwa na maambukizi yanayoendelea, ni nusu tu. Katika miaka ya 1990 watoto wachanga hawakuwa wakipimwa ugonjwa huu wanapozaliwa, kwa hiyo wengi waligunduliwa wakiwa tayari na maambukizi. Nazitaja namba hizi mapema kwa sababu kila hukumu juu ya kisa hiki inapaswa kupimwa nazo. Mizani haikuwa kati ya hatari na usalama.

Kibebeo

Retrovirusi huandika jeni zao kwa RNA, huzigeuza kuwa DNA ndani ya seli, kisha huipachika DNA hiyo katika kromosomu za mwenyeji. Uwezo wa kugeuza uligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake. Kupachika ndiko kunakovutia tabibu wa jeni: kilichopachikwa hurithiwa na kila seli itakayozaliwa na seli ile. Kama sehemu ya tatizo ni kwamba seli za damu huzaliwa na kufa kila siku, basi njia ya kudumu ni kuigusa seli shina inayozizaa zote.

Kirusi kilichochaguliwa na wengi kilikuwa cha panya, kilichoelezwa na John Moloney mwaka 1960, na jina lake lenyewe ni onyo: kirusi cha Moloney cha lukemia ya panya. Wavumbuzi waliondoa jeni zake tatu za kujijenga na kuzaliana, wakaweka mahali pake jeni ya binadamu. Protini zilizoondolewa zilitolewa na seli maalumu za maabara zilizofanya kazi kama kiwanda, uvumbuzi wa mwaka 1983. Kilichotoka kiwandani kilikuwa ganda linaloweza kuingia katika seli mara moja, kupachika mzigo wake, basi. Hiki ndicho kibebeo, na hakizaliani.

Lakini kuna kitu walichokiacha. Kila mwisho wa DNA ya kirusi hiki kuna kipande kiitwacho LTR, na ndani yake mna kichocheo chenye nguvu kinachoamrisha jeni isomwe. Kilibakizwa kwa makusudi, kwani bila kichocheo jeni ya matibabu ingelala usingizi. Kichocheo cha aina hii hakichagui, huamsha kilicho jirani.

Hatari hiyo ilijulikana? Ndiyo, ilijulikana kwa jina: kirusi kinaweza kutua karibu na jeni ya saratani na kuiwasha. Hesabu ya wakati ule ilikuwa kama ifuatavyo. Jenomu ya binadamu ina herufi bilioni tatu. Jeni za saratani ni chache. Kirusi hutua ovyo. Na saratani haihitaji kosa moja, inahitaji kadhaa. Tumbili waliopata limfoma, saratani ya limfosaiti, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992 walikuwa wamepewa maandalizi yaliyochafuliwa na virusi vilivyorudi kuzaliana, na tatizo hilo lilionekana kuwa na dawa yake: usafi wa kiwanda. Tangu mtoto wa kwanza atibiwe kwa tiba ya jeni nchini Marekani, Septemba 1990, hakuna mgonjwa aliyekuwa amepata saratani kwa vibebeo visivyozaliana. Hakuna pia aliyekuwa amepona kabisa kwa tiba ya jeni pekee, na ukweli huo wa pili ulipaswa kuwafanya watu wausome ule wa kwanza kwa tahadhari. Tiba isiyofika popote haiwezi kuleta madhara ya tiba iliyofika.

Mafanikio

Timu ya Alain Fischer, Marina Cavazzana-Calvo na Salima Hacein-Bey-Abina ilianza mwaka 1999. Uboho ulitolewa, seli shina zenye alama ya CD34 zikachujwa, zikakaa siku tatu kwenye maji yenye vichochezi vya ukuaji pamoja na kibebeo, kisha zikarudishwa kwa mtoto kupitia mshipa. Hakukuwa na tibakemikali ya kusafisha uboho kwanza. Hapo ndipo SCID-X1 ilipowapendelea kuliko magonjwa mengine: seli iliyopata jeni ndiyo pekee mwilini iliyokuwa na uwezo wa kusikia ujumbe wa kukua. Seli chache zilizotengenezeka zilikuta shamba tupu, zikalijaza.

Aprili 2000 jarida la Science lilichapisha matokeo ya watoto wawili wa kwanza. Walikuwa na seli T na NK kwa idadi na utendaji wa watoto wa rika lao, na walikuwa wanaishi nyumbani kwao bila hema la kuwatenga. Ilikuwa miezi michache tu tangu kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, afariki nchini Marekani katika jaribio la jeni lililotumia kirusi cha aina nyingine kabisa, na uwanja mzima ulikuwa chini ya wingu. Mtu anaelewa kwa nini habari ya Paris ilipokelewa kwa machozi. Mwaka 2001 hospitali ya Great Ormond Street mjini London, chini ya Adrian Thrasher na Bobby Gaspar, ilianza jaribio linalofanana nalo.

LMO2

Sasa turudi kwa mtoto wa tetekuwanga. Kirusi kinapojipachika huacha anwani: mfuatano wa DNA ya binadamu uliokigusa pembeni. Ukisoma anwani hiyo, unajua seli ilitoka ukoo gani. Seli nyingi za mtoto huyu zilikuwa na anwani moja, kromosomu ya 11, ndani ya jeni ya LMO2. Sampuli za nyuma zilipochunguzwa, ukoo ule ulionekana tayari katika damu ya mwezi wa 13 baada ya tiba, mtoto akiwa mzima wa afya.

LMO2 haikuwa ngeni kwa wanaochunguza lukemia. Kwa kawaida husomwa katika seli shina za damu, kisha huzimwa seli inapoelekea kuwa seli T. Katika baadhi ya watoto wenye lukemia ya seli T, vipande vya kromosomu ya 11 na ya 14 hubadilishana nafasi, na LMO2 hubaki imewaka mahali isipopaswa. Panya waliowekewa LMO2 isiyozimika hupata lukemia, lakini baada ya muda mrefu, dalili kwamba yenyewe haitoshi.

Mtoto wa pili aligunduliwa miezi 34 baada ya tiba yake. Anwani ya ukoo wake: karibu na LMO2.

Hapa ndipo nadharia ya kutua ovyo ilipokufa. Mara moja ni bahati mbaya. Mara mbili, katika kundi la watoto wasiozidi kumi, kwenye jeni ileile kati ya jeni zipatazo 20,000, ni kanuni inayojionyesha. Mwaka 2003 utafiti wa anwani nyingi za kirusi cha Moloney katika seli za binadamu ulithibitisha: kirusi hiki hupenda kutua karibu na mahali ambapo jeni huanza kusomwa. Miaka kumi baadaye ilieleweka pia kwa nini. Kimeng'enya chake cha kupachika hushikana na protini za familia ya BET, ambazo tayari zimekaa kwenye sehemu hizo. Yaani kirusi huongozwa hadi mlangoni pa jeni zinazofanya kazi. Na katika seli za CD34, zile zilizokuwa zikitibiwa, LMO2 ni jeni inayofanya kazi. Mtoto akipewa mamilioni ya seli zilizotibiwa, ni vigumu kufikiri kwamba hakuna hata moja kati yake ambayo kibebeo kimetua jirani na LMO2.

Kwa hiyo chukua mambo matatu yaliyoifanya tiba ifaulu. Kichocheo kikali, ili jeni isomwe vya kutosha. Kupachika katika seli shina, ili matokeo yadumu. Na faida ya kukua kwa seli zilizopata jeni, ili chache zizae nyingi. Kwa kibebeo cha wakati ule, ondoa lolote kati ya hayo, watoto wasingepona. Yaache yote, na seli iliyotua penye LMO2 inapata kichocheo kisichozimika, umri mrefu, na amri ya kuzaliana katika mwili usio na mshindani. Kisha kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa la pili. Makosa hayo ya nyongeza yalionekana kweli: kwa mtoto mmoja wa London aliyepata lukemia mwezi wa 24, jeni ya NOTCH1 ilikuwa imebadilika na kuwaka, na eneo la CDKN2A, ambalo huzuia saratani, lilikuwa limefutika.

Kusimamisha, kuendelea

Sehemu hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi katika kisa chote. Jaribio la Paris lilisimamishwa, na habari ilitolewa hadharani kabla sababu haijajulikana kikamilifu. Kesi ya kwanza na ya pili zilitangazwa kwa wenzao wa nchi nyingine, kwa mamlaka za dawa na kwa magazeti. Januari 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisimamisha majaribio 27 yaliyotumia retrovirusi katika seli za damu. Timu ya London, baada ya kuongea na familia, iliendelea kwa uangalifu, kwa hoja kwamba mtoto asiye na uboho unaolingana bado alikuwa katika hatari kubwa zaidi bila tiba. Maamuzi tofauti, na siyaoni yakipingana. Nchini Marekani ushauri uliotolewa ulikuwa wa kati: tiba hii iwe kwa wale ambao upandikizaji umeshindikana au hauna mtoaji uboho anayefaa.

Watoto wawili wa kwanza kupata lukemia walikuwa wadogo kuliko wote walipotibiwa, na dhana ikajengwa juu ya umri: labda uboho wa mtoto mchanga sana una seli nyingi mno zinazoweza kuguswa. Jaribio likafunguliwa tena mwaka 2004 kwa masharti mapya. Januari 2005 mtoto wa tatu, aliyetibiwa kabla ya kusimamishwa kwa kwanza na akiwa mkubwa kiumri kuliko wale wawili, alithibitika kuwa na lukemia. Dhana ya umri haikusimama, na jaribio likafungwa. Wa nne alifuata miezi 68 baada ya tiba, muda ambao kila mtu alikuwa ameanza kupumua. Safari hii anwani haikuwa LMO2 bali CCND2, jeni nyingine ya kuendesha mgawanyiko wa seli.

Jumla ya Paris na London: watoto watano wenye lukemia kati ya 20 hivi. Mmoja alifariki, yule wa kwanza, mwaka 2004. Wanne waliobaki walipata tibakemikali ya kawaida ya lukemia ya watoto na ugonjwa ukaondoka. Jambo ambalo bado linanishangaza kila nikilisoma ni kwamba seli T zilizorudi baada ya tibakemikali zilikuwa bado na jeni ya matibabu. Kinga ilibaki. Ripoti ya mwaka 2010 kuhusu watoto tisa wa Paris, baada ya wastani wa miaka tisa, ilionyesha wanane wako hai.

Rudisha sasa zile namba za upandikizaji. Wanane kati ya tisa, pamoja na lukemia zote, si matokeo ya aibu kwa watoto wa miaka ile wasiokuwa na mtoaji uboho anayelingana. Lakini siwezi kuitumia hesabu hiyo kufunga mjadala, kama wengine walivyojaribu. Mzazi aliyetia sahihi ridhaa mwaka 2000 aliambiwa hatari ya saratani ni ya kinadharia na ndogo. Kwa walichojua madaktari, walisema kweli. Kwa mtoto, haikuwa kweli. Ridhaa ilipimwa kwa mizani iliyokuwa na kasoro upande mmoja, na hilo halifutwi na wanane walio hai.

Kilichobadilishwa

Ukishajua kuwa mkosaji ni kichocheo cha LTR, dawa inaeleweka: kikate. Vibebeo vinavyojizima vilikuwa vimeshabuniwa. Kipande chenye kichocheo hufutwa, na kirusi kinapojigeuza kuwa DNA ufutaji huo hunakiliwa kwenye ncha zote mbili. Jeni ya matibabu hupewa swichi yake ya ndani, ya binadamu na ya upole, ambayo haifiki mbali. Matokeo ya toleo hili la kirusi cha Moloney yalichapishwa Oktoba 2014 kwa watoto tisa wa Paris, London na miji mitatu ya Marekani. Mmoja alifariki kwa maambukizi ya adenovirusi kabla kinga haijaota. Kwa saba kati ya wengine seli T zilirudi vizuri, na anwani za LMO2 na jeni za jamii yake zilipungua wazi katika damu yao. Hakuna lukemia iliyoonekana katika kipindi hicho cha ufuatiliaji.

Baadaye wengi walihamia lentivirusi, vibebeo vilivyotokana na HIV. Hupendelea katikati ya jeni zinazosomwa kuliko mlangoni pake. Mwaka 2019 hospitali ya St. Jude ya Marekani ilieleza watoto wanane waliopewa kibebeo hicho pamoja na dozi ndogo ya dawa busulfani ya kufungua nafasi katika uboho, na safari hii hata seli B na NK zilirejea, jambo ambalo tiba ya 1999 haikuliweza sawasawa.

Si kila mahali somo lilipokelewa kwa wakati. Jaribio la Ujerumani la ugonjwa wa Wiskott-Aldrich, upungufu mwingine wa kinga, lilianza mwaka 2006 likiwa bado na kibebeo chenye LTR kamili. Watoto kumi walitibiwa, saba wakapata lukemia. Katika ugonjwa wa tatu wa kinga, uitwao CGD, jaribio la Frankfurt lilikuta kichocheo cha LTR kikiwasha jeni ya MECOM, na wagonjwa wakapata hitilafu ya uboho inayotangulia lukemia. Kwa upande mwingine, watoto wa ADA-SCID, aina nyingine ya SCID, waliotibiwa Milan kwa kibebeo cha aina ya zamani walikaa miaka mingi bila saratani hata moja, tiba ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2016, hadi kesi ya kwanza ilipotangazwa Oktoba 2020. Kibebeo kinafanana, ugonjwa ni tofauti, hatari ni tofauti. Ndiyo sababu sipendi kusikia swali "retrovirusi ni salama?" likiulizwa bila kutajwa seli gani, swichi gani, na mwili wa aina gani unaozipokea.

Hata lentivirusi havikufuta swali hilo. Katika tiba ya ugonjwa wa ubongo uitwao adrenolukodistrofi, kibebeo cha lentivirusi kiliwekewa swichi ya ndani iliyo kali, iliyotokana na retrovirusi vya panya. Ripoti ya mwaka 2024 ilihesabu saratani za damu kwa watoto 7 kati ya 67. Ganda lilibadilika, kichocheo kikarudi kwa mlango wa nyuma.

Leo vibebeo vya jamii hii ndivyo vinavyotengeneza seli za CAR-T, yaani seli T zilizobadilishwa zishambulie saratani, zinazotumika kutibu lukemia na limfoma tangu 2017. Chombo kilichotokana na virusi vya lukemia kinatibu lukemia. Mwaka 2024 FDA iliagiza onyo kwenye dawa hizo zote kuhusu saratani za seli T zinazoweza kufuata, na wagonjwa wafuatiliwe maisha yao yote. Kwa tiba za jeni zinazojipachika kwa jumla, ufuatiliaji unaoshauriwa ni miaka 15.

Wavulana wa kwanza wa Necker sasa ni watu wazima. Kinachofanyika wanapokuja kupimwa ni kilekile kilichopaswa kusomwa mapema mwaka 2001: damu huchukuliwa, anwani za kibebeo husomwa, na kila ukoo wa seli huhesabiwa kuona kama kuna mmoja uliokua kuliko wenzake.